Vidole Vinne vya Mazutu

Kwa wiki tatu nzima nilikuwa mwizi, na sikuwa nimeiba hata tone. Nalisema hilo mapema ili msomaji asikae akinichunguza. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nikisingiziwa, mdomo wangu huondoka kabla akili haijavaa viatu. Lakini katika kisa hiki mdomo wangu ulifungwa na desturi, kwa sababu aliyenishuku ni mama mkwe wangu, na kwetu mtu habishani na mama mkwe.

Yeye ndiye mwenye lori. Alilipata kwa jasho la ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu: kuwanunua Kazimia, kuwakausha, kuwafunga kwenye magunia na kuwauza Baraka, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja akanunua gari lake badala ya kukodi la watu. Lori lenyewe lilikuwa limezeekea mikononi mwa wengine kabla ya kufika kwetu. Mlango wa dereva ulifungwa kwa kamba ya nyavu, na kipimo cha mafuta kilikuwa kimekufa. Mshale wake ulilala kwenye alama ya sifuri, tangi liwe limejaa au limekauka.

Hilo halikumsumbua mtu. Huku kwetu mazutu, yaani dizeli, hupimwa kwa kijiti. Unafungua mfuniko wa tangi, unatumbukiza kijiti mpaka kiguse chini, unakitoa, unaweka vidole juu ya sehemu iliyoloa na kuhesabu. "Iko vidole kumi," unasema, na kila dereva kati ya Baraka na Fizi anaelewa utafika wapi na utakwama wapi.

Sasa niseme kuhusu ukwe. Kwetu mwanamume hamsogelei mama mkwe wake. Hawali pamoja, hawashikani mikono, hawaketi benchi moja, na wakikutana njiani mwanamume ndiye anayekanyaga majani ili apishe. Najua vijana wa siku hizi wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao, na mimi siwahukumu. Lakini wangu ni mtu wa zamani, tena mama wa kanisa, na desturi na dini amezishika zote mbili kwa nguvu ileile. Katika miaka sita ya ndoa yangu hakuwa amenielekezea neno hata moja. Akitaka niende Kazimia, alimwambia mke wangu, mimi nikiwa nimesimama hatua sita tu, nasikia kila kitu.

"Umwambie bwana yako, kesho aende Kazimia."

Mke wangu anageuka. "Mama anasema kesho uende Kazimia."

"Umwambie mama nimesikia."

Na mama, ambaye naye amesikia, anasubiri mpaka aambiwe. Mke wangu alikuwa anafanya kazi ya samaki pamoja na mama yake, kwa hiyo alikuwapo daima, na kubeba maneno kati yetu ikawa kazi yake ya pili. Hakuwahi kulalamika, ingawa mara nyingine nilimwona akiuma mdomo asicheke.

Mambo yaliharibika mvua zilipokata barabara na mazutu ikawa adimu. Mama mkwe akaamua kupima mwenyewe, jioni na asubuhi. Jioni alipima bandarini Baraka, pale ninaposhusha magunia. Asubuhi alipima nyumbani kwake, kabla sijaondoka. Nyumba yake iko mlimani, nyuma ya mji, na lori lilikuwa limeanza kulala huko kwa sababu betri ilikuwa imechoka. Ukiliegesha limeelekea chini, asubuhi unaachia breki, linateremka, unatia gia, linawaka. Kwa wenye magari kuukuu, mteremko ndio betri ya maskini.

Alikuwa na kijiti chake mwenyewe, kimechongwa kikalainika, na kisu kidogo cha kukatia alama. Alipopima, mimi nilisimama hatua sita pembeni nikitazama chini, kama heshima inavyotaka. Asubuhi ya kwanza alikitazama kijiti kwa muda mrefu, akakitumbukiza tena, akakitazama tena, kisha akamwita binti yake.

"Jana mangaribi ilikuwa vidole kumi na ine. Sasa iko kumi. Ine imeenda wapi?"

Mke wangu akanigeukia polepole. "Mama anauliza..."

"Nimesikia. Umwambie sijui."

Asubuhi ya pili, vidole vinne. Asubuhi ya tatu, vinne. Nikawaza labda kuna mtu anakuja kunyonya tangi kwa mpira, basi nikaenda sokoni, nikanunua kufuli jipya, nikafunga mfuniko, na funguo zote mbili nikampa mke wangu ampelekee mama yake. Nilijiona mjanja sana. Asubuhi kufuli lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo, na vidole vinne vilikuwa vimekwenda. Hapo nikajiharibia zaidi. Mwanzoni nilikuwa mwizi wa kawaida. Sasa nikawa mwizi mwenye ufunguo wa tatu.

Bandarini habari hazihitaji miguu. Wanawake wa ndagala walianza kunitania nikipita na gunia: "Ee, mukwe! Mazutu iko na utamu gani?" Wengine walicheka kwa wema, wengine hawakuwa na wema wowote. Nilitaka kutupa gunia chini na kuwajibu mmoja mmoja. Lakini kila neno ambalo ningelitoa pale lingefika kwa mama mkwe kabla ya jua kutua, na lingekuwa neno la mkwe aliyepayuka. Nilimeza. Nilirekebisha gunia begani, nikaendelea kutembea.

Kilichoniumiza zaidi kilitoka nyumbani kwangu. Tulikuwa tunakula, mimi na mke wangu, akaacha kula akanitazama.

"Kama uliiba, unambie. Mi ntasimama na we. Lakini unambie kweli."

Nilisukuma sahani. Nilipiga kelele, nasikitika kusema, na majirani walisikia. Yeye aliinama chini. Aliokota sahani, akafuta ugali uliomwagika taratibu, kama mtu aliyechoka na mzigo. Nikaelewa kwamba alikuwa amebeba maneno ya mama yake kwa wiki tatu, na huenda mengine hakunifikishia.

Ijumaa jioni nikayasikia yote mwenyewe. Mama mkwe alipima bandarini, vidole kumi na vinne, akafunga tangi, akatia ufunguo kwenye pindo la kikwembe, kitenge alichojifunga, kisha akasema kwa sauti ambayo hakujaribu kuishusha:

"Umwambie bwana yako, lundi alete ufunguo ya gari. Nitatafuta shofere mwingine. Na we, mutoto wangu, kama hautaki kuishi na mwizi, kwangu kuko chumba."

Jumatatu, basi. Siku mbili zilibaki, na mojawapo ni ya Bwana, haifanyiwi kazi. Nikipoteza lori nitapata kibarua kingine, nilijua hivyo. Mgongo wangu bado una nguvu. Ila mtu aliyefukuzwa na wakwe zake kwa wizi hatafuti kazi kati ya Baraka na Kazimia, na mke wake akiondoka, hata ndugu zake mwenyewe watasema bila shaka kulikuwa na jambo.

Usiku huo akili yangu, badala ya kulala, ilikwenda kwenye ule mshale uliokufa. Nilihitaji shahidi, na kijiti kilikuwa mkononi mwa mshtaki. Mshale ungekuwa ndani ya kabini, usiojua ukwe wala chuki. Jioni ungesema kiasi, asubuhi ungesema kiasi kilekile, na kelele zingeisha. Asubuhi nikamtuma mke wangu: umwambie mama naomba leo nitengeneze kipimo. Jibu likarudi: "Atengeneze. Lakini gari isitoke kwa kiwanja."

Kwa hiyo Jumamosi, mama mkwe akiwa bandarini, mimi na mke wangu tulikuwa uwanjani kwake mlimani, lori limeinamisha kichwa kuelekea mji kama ilivyo kawaida yake. Mimi si fundi wa vyuo. Nilijifunza kwa injini za mitumbwi, na injini za mitumbwi zilinifundisha jambo moja: usibadilishe kitu kabla hujajua kipi kimekufa.

Nilianza na fyuzi. Nzima. Nikaingia chini ya lori, nikafuata waya kutoka kwenye tangi, nikauchomoa pale unapoingia juu ya tangi, nikamwambia mke wangu akae kabini, awashe swichi na atazame mshale. Nikaugusisha waya kwenye chuma cha fremu, mahali nilipokuwa nimepakwangua kwa msasa mpaka pakang'aa.

"Inapanda!" akapiga kelele. "Inapanda mpaka juu kabisa!"

Nilifurahi mno hata nikainua kichwa na kukigonga kwenye ekseli. Maana yake mshale ni mzima na waya ni mzima. Ugonjwa uko tangini. Kwanza nikadhani ni kutu tu, kwa sababu tangi lile halikuwa la lori letu. Mwenye lori wa zamani alilitoa kwenye gari jingine, refu kama jeneza, akalifunga kwa mikanda ya chuma. Nikasafisha mahali linapogusana na fremu, nikaongeza waya mfupi wa kuunganisha. Mke wangu akatazama. Hakuna kitu.

Ikabidi nifungue kifaa chenyewe kilicho juu ya tangi, karibu na mfuniko, upande wa nyuma. Skrubu sita. Tano zilitoka kwa matusi ya kawaida, ya sita ikatoka kwa matusi ambayo mke wangu aliniomba nisiyarudie kwenye uwanja wa mama yake. Nikakivuta taratibu. Ni mkono wa waya mgumu, mwishoni una boya dogo la shaba, kubwa kuliko yai kidogo. Mafuta yakipanda boya hupanda, mshale nao hupanda. Nikalitikisa boya sikioni. Likalia, kwa ndani, mlio wa kitu majimaji. Liliingiwa na mazutu na kuzama. Hata ungejaza tangi mpaka limwagike, lingebaki limelala chini.

Nikateremka sokoni kwa miguu, boya mfukoni. Pale kuna fundi wa redio, mzee wa Kirundi aliyefika na wakimbizi wa kambi ya Lusenda na sasa ana meza yake, ana mbabula yake, jiko la makaa, na ana utani ambao hautoki usoni. Alilitikisa boya kama nilivyolitikisa mimi.

"Imelewa hii," akasema. "Na mulevi hawezi kuogelea."

Akatafuta tundu, hakuliona. Akalitoboa kidogo kwa msumari mwembamba ili likojoe mazutu yote, akalisafisha, akaziba kitobo chake, kisha akaomba kikombe cha maji ya moto kwa mama muuza chai na kulizamisha humo. Povu dogo likatoka ubavuni, moja, moja, moja. "Kale pale!" Akapakwangua, akachovya chuma chake kilichokuwa kikiiva kwenye makaa, akadondosha lehemu. Akalizamisha tena. Hakuna povu. Mama muuza chai akatuuliza kama sasa tutakinywa hicho kikombe.

Nilipanda mlima karibu kwa kukimbia. Nikarudisha kifaa, nikakata mpira wa tyubu ya tairi kuziba pembeni, nikakaza skrubu, nikaunganisha waya. Nikafuta mikono, nikaingia kabini mwenyewe, maana jambo hili nilitaka kuliona kwa macho yangu. Nikafungua swichi.

Mshale ukaamka. Mishale ya magari ya zamani haina haraka. Uliondoka kwenye sifuri taratibu, ukasogea, ukapita robo, nami nikawa napiga magoti yangu kwa ngumi na kusema njoo, njoo. Kisha ukasimama. Nikasubiri. Nikagonga kioo kwa kucha. Ulisimama palepale, chini ya nusu.

Jana jioni kijiti kilisema vidole kumi na vinne, na kwa tangi lile kumi na vinne ni zaidi ya nusu. Tangi lilikuwa limefungwa, ufunguo ulikuwa kwenye pindo la mama mkwe. Shahidi wangu, niliyemtoa kaburini kwa mikono yangu, alikuwa amesimama na kusema maneno yaleyale ya mshtaki.

Mke wangu alikuwa dirishani. "Inasema nini?"

"Inasema kama mama."

Aliondoa mikono dirishani. Afadhali angenitukana. Nikaona machoni pake shaka ambayo sikuwa nimeiona hata Ijumaa, na hapo hasira yangu ikanishika mikono. Ya nini kusubiri Jumatatu? Nitalipeleka lori bandarini sasa hivi, nitaacha ufunguo juu ya magunia mbele ya wale wanawake wote, na wacheke mpaka washibe. Nilisahau kwamba lori halikuruhusiwa kutoka uwanjani. Nikaachia breki.

"We! Unaenda wapi?" Mke wangu akarukia kabini upande wa pili huku lori likianza kuteremka. Nikatia gia, injini ikakohoa ikawaka. Nilitazama barabara, taya zimekaza, na nadhani machozi yalikuwa karibu. Tukateremka kilima chote mpaka kwenye kiwanja cha mpira, pale ambapo ardhi inalala sawa.

"Simama," akasema mke wangu.

"Sisimami."

"Nasema simama! Angalia mushale."

Nikasimama. Mshale ulikuwa umepita nusu. Na bado ulikuwa unapanda, kwa ule uvivu wake, upana wa unywele, na upana wa unywele mwingine, mpaka ukatulia pale ambapo vidole kumi na vinne vinapaswa kuwa. Hakuna aliyekuwa ameongeza hata tone.

Ni yeye aliyeelewa kwanza. Mimi ndiye dereva, mimi ndiye niliyejifanya fundi tangu asubuhi, lakini yeye ameosha samaki maisha yake yote.

"Ni sawa na beseni," akasema. "Ukiinamisha beseni, maji inakimbilia upande moya. Gari ikilala kwa mulima, mazutu inaenda mbele. Na tundu ya kijiti iko nyuma."

Nikageuza lori, nikapanda kilima tulichoteremka. Mshale ukapanda zaidi, ukafika robo tatu, kwa sababu sasa mazutu yote ilikuwa imerudi nyuma. Nikageuza tena, nikateremka. Ukashuka. Nikapanda tena. Ukapanda. Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akalia, kisha akacheka tena. "Mazutu inatembea!" alikuwa anasema. "Mazutu inatembea!" Majirani walitoka milangoni kutazama wale wendawazimu wawili wanaopandisha na kuteremsha lori tupu katika siku ambazo mazutu ni ya kutafutwa kwa tochi. Sikujali. Kama kuna furaha kubwa kuliko kujua kwamba hukuiba, na kuweza kulionyesha hilo, mimi bado sijaionja.

Nilipotulia niliona pia aibu yetu. Jioni alipima penye usawa, asubuhi alipima penye mteremko, na kila asubuhi mimi nilisimama hatua sita nikitazama chini. Laiti tungekuwa watu wawili wanaoruhusiwa kusimama kando ya tangi moja na kukuna vichwa pamoja, tungelimaliza jambo hili siku ya kwanza. Heshima yetu ndiyo iliyotunza ule wizi. Siisemi vibaya heshima; nasema tu ilivyokuwa.

Nikalirudisha lori uwanjani kwake, nikaliegesha limeelekea chini kama kawaida. Sasa ilibaki kumwonyesha, na mshale uko ndani ya kabini, na kabini ina kiti kimoja kirefu. Mke wangu alikwenda kwake jioni ile. Nilibaki nje ya ua nikisikiliza.

"Mi nikae kwa kiti moya na mukwe? We mutoto, uko na akili?"

"Mi nitakaa katikati, mama. Nitakuwa ukuta. Yeye ataangalia barabara, we utaangalia mushale."

Nikasikia sufuria ikifunikwa. Kisha: "Kesho. Kisha kutoka kanisa. Na asinisalimie."

Jumapili baada ya ibada alipanda mlima na kikwembe chake cha kanisani, na nyuma yake wanawake saba wanane wa ndagala waliosikia kwamba kuna jambo. Alikwenda kwenye tangi kwanza. Alifungua kufuli kwa ufunguo wake, akatumbukiza kijiti, akakata alama kwa kisu, akafunga kufuli, akafunga ufunguo kwenye pindo na kulikaza kwa meno. Vidole kumi, akatangaza. Kisha akapanda kabini, akiwa ameshika mlango kwa mikono yote miwili. Mke wangu akaketi katikati, ameupanua mgongo wake kadiri alivyoweza. Mimi nikapanda mwisho na kukaza macho mbele.

Nilifungua swichi. "Umwambie mama atazame mshale uko wapi."

"Mama, anasema utazame mushale."

"Ninaona. Iko chini ya nusu."

Nikaachia breki. Tulishuka polepole, wale wanawake wakitufuata kwa mbio na kelele. Katikati ya mteremko mke wangu alininong'oneza kwamba haujasogea. Tukafika kiwanjani. Nikasimamisha. Mshale ulikuwa palepale, na kwa muda ambao ulitosha kusali Baba Yetu ulibaki palepale, nami nikasikia jasho likinitoka mgongoni kwa kuwaza kwamba lehemu imeachia, boya limelewa tena, na mbele ya mama wote hawa. Halafu ukatikisika. Ukaanza kupanda. Nilikuwa nimekatazwa kugeuka, lakini nilisikia pumzi ya mama mkwe ikikatika nusu, na kiti kikalia alipoinama mbele.

"Nani anatia mazutu?" akauliza.

"Hakuna muntu, mama."

Alishuka bila kusaidiwa. Akafungua pindo, akafungua kufuli, akatumbukiza kijiti. Alama ya mlimani ilikuwa imezama chini ya mafuta. Akaweka vidole juu yake: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Akakifuta kijiti kwa majani, akapima tena. Vinne. Mmoja wa wale walioniuliza kuhusu utamu wa mazutu alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Nami nilikuwa nimeshuka, nimesimama mahali pangu, hatua sita, natazama chini. Nilisikia mama mkwe akimgeukia binti yake kama kawaida.

"Umwambie bwana yako..."

Nikaona miguu yake, yale malapa ya kanisani yenye kifungo, ikigeuka na kunielekea.

"Mukwe."

Moyo wangu ulipiga mpaka kwenye meno. Miaka sita.

"Mukwe, mi njo nilikosa. Nilisema mbele ya batu, nitakomboa mbele ya batu. Haukuiba. Mwizi njo hii mulima." Akawageukia wanawake wake na kuinua kile kijiti juu. "Mumesikia bote? Mwizi njo mulima!"

Mlima ndio uliokuwa mwizi, na vigelegele vilivyopigwa pale kiwanjani vilitoa watu majumbani mpaka bandarini. Mke wangu alikuwa ameegemea mlango wa lori, amejifunika uso, mabega yanatikisika, na safari hii nilijua ni kicheko. Mimi nililia wazi, bila kujificha, mwanamume mzima mwenye suruali ya kanisani yenye doa la mazutu gotini.

Mama mkwe akafungua kabisa pindo la kikwembe. Akatoa funguo zote mbili za kufuli, akaziweka juu ya boneti, akarudi nyuma hatua mbili ili nipate kuzichukua bila kumgusa.

"Kesho Kazimia," akasema. "Saa kumi na moya. Ndagala iko mingi."

"Ndiyo, mama," nikasema, na hakukuwa na mtu wa kulibeba neno hilo kati yetu.